Mwembe wa Uani Kabla Haujawa Mkaa

Hapa Tanga mjini, mti wa uani ukishaangushwa haukai. Matawi membamba yanaondoka na watoto kwenda kuwa kuni, shina linakatwa vipande na mchoma mkaa aliyepatana bei na mwenye nyumba, kisiki kinachomwa moto pale pale au kinaachwa kioze. Mimi ni mkereza mbao. Nimeifanya kazi hii tangu ujana, na sehemu kubwa ya ninachokereza sasa haitoki msituni wala kwa wauza mbao. Inatoka uani kwa watu: miembe, mifenesi, miarobaini na mikungu iliyokuwa kivuli cha familia, ikakatwa kwa sababu mizizi imepasua ukuta, au matawi yamefika kwenye nyaya za umeme, au kiwanja kimegawanywa kwa warithi na kila mmoja anataka kujenga chake.

Naandika kwa ajili ya mwenye nyumba kuliko fundi mwenzangu. Hatima ya mti iko mikononi mwake, tena huamuliwa asubuhi moja tu, vijana wa chenso wakiwa wamesimama mlangoni wanauliza wakate vipande vya urefu gani. Akijibu "vyovyote", mti umekwisha.

Mwembe ninaotaka kuueleza ulikuwa Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Mwenye nyumba ni bibi mtu mzima, mjane. Mti aliupanda marehemu mumewe walipohamia pale, na wanawe wote wamekulia chini yake. Wajukuu waliamua ukatwe kwa kuwa tawi moja kubwa lilikuwa limelalia bati la jirani, na masika yalikuwa karibu. Bibi hakubisha, ila alimtuma mtoto aje aniite. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Huu mti wataukata, sina neno. Ila sitaki uishie wote jikoni kwa watu."

"Unataka nikutolee nini?"

"Chano. Chano kikubwa cha kupakulia wali siku ya Idi. Na wanangu, kila mmoja bakuli lake."

Mjukuu aliyekuwa akisimamia kazi aliniita pembeni akaniambia, kwa adabu kabisa, "Mzee, lakini mwembe si mbao." Maneno haya nayasikia kila mtaa, na yana chanzo chake. Mwembe ukiuweka kwenye paa au ukiuchimbia ardhini, mchwa na bungua watakushukuru. Hauna uchungu wa mwarobaini wala mafuta ya mtiki ya kuwafukuza wadudu, kwa hiyo seremala wa nyumba anaukataa, naye ana haki. Lakini nenda ufukweni ukaulize ngalawa zimechongwa kwa mti gani. Nyingi za pwani hii shina lake ni la mwembe, kwa sababu ni mti mnene, unachongeka bila ukaidi, na hauna uzito wa kuzamisha chombo. Hata vinu vingine vya vijijini ni mwembe. Mti unaobeba wavuvi baharini na kustahimili mchi kila siku utashindwaje kuwa bakuli la matunda juu ya meza, ndani ya nyumba, mbali na udongo?

Basi ombi langu la kwanza lilikuwa kuonyeshwa misumari. Mti wa msituni ni msafi. Wa uani una chuma ndani yake, na chuma kikikutana na patasi inayokata mti unaozunguka, unaweza kupoteza patasi au jicho. Kwa hiyo kabla chenso haijawashwa, huwa namuuliza mtu aliyekaa na mti huo muda mrefu kuliko wote. Bibi aliukumbuka vizuri. Upande wa mashariki palikuwa na misumari ya kamba ya nguo. Juu kidogo palikuwa na waya wa antena ya redio ya marehemu. Na kwenye tawi nene la chini paliwahi kupigiliwa ndoano ya kuning'inizia mbuzi wa Idi, ambayo gome lilikwisha kuimeza, isionekane tena. Ndoano ile tuliikuta pale pale aliposema. Dalili yake ni doa jeusi lenye rangi ya samawati ndani ya mti, linalotokea chuma kinapokutana na tanini, ile kemikali inayoufanya utomvu wa miti mingi uwe na ukakasi. Ukiliona doa hilo kwenye mwisho wa gogo, chukua sumaku utafute kabla hujasogeza msumeno. Vijana wa chenso nao hufurahi kuambiwa, maana mnyororo wao ukigonga msumari, kazi ya siku nzima imeharibika.

Ombi langu la pili lilikuwa urefu. Mchoma mkaa anataka vipande vifupi vinavyobebeka. Mkereza anataka kila kipande kiwe kirefu kuliko kipenyo chake, na kizidi tena kwa kiganja kizima kila mwisho, kwa sababu miisho itapasuka tu, na sehemu hiyo itakatwa baadaye itupwe. Ombi la tatu lilikuwa panda, yaani pale shina linapogawanyika kuwa matawi mawili. Wenye chenso huikatakata panda kwanza kwa sababu inawasumbua kuipasua. Inawasumbua kwa kuwa nyuzi za matawi yote mawili zimesukana pale, na msukano huo ndio unaotoa michirizi inayong'aa na kugeuka rangi ukisogea kushoto na kulia. Chano cha bibi nilikwisha kukiona ndani ya panda ile kabla mti haujaanguka.

Kuhusu kibali nitasema machache. Kumiliki mti uani hakukupi ruhusa ya kupakia magogo kwenye gari na kupita nayo njia kuu. Mazao ya misitu husafirishwa kwa kibali, na wa kumuuliza ni afisa misitu wa halmashauri au Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Uliza kwanza, tena mapema. Mimi magogo ya bibi yalisafiri kwa mkokoteni, mitaa michache tu hadi karakana.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo linaloharibu mbao nyingi kuliko bungua na mchwa kwa pamoja: maji. Mti uliokatwa leo umejaa maji. Kwa miti mingi yanaweza kufikia nusu ya uzito wa gogo. Gogo la mwembe lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa sentimita 50 linakaribia kilo 60. Ukilinyanyua peke yako utajua mgongo wako una umri gani. Maji hayo yamekaa mahali pawili. Ndani ya mti nyuzi zimelala kama mirija ya soda iliyofungwa pamoja kwa kamba. Maji ya kwanza yamo ndani ya uwazi wa mirija. Hayo yakitoka, gogo linakuwa jepesi, lakini halibadiliki umbo hata kidogo. Maji ya pili yamenyonywa na kuta za mirija yenyewe. Unyevu wote unaposhuka hadi kiasi cha asilimia 28 au 30 ya uzito wa mti mkavu, uwazi umekauka na kuta zinaanza kutoa maji yake. Hapo ndipo mti unaposinyaa.

Nao hausinyai sawasawa. Kwa urefu, kufuata nyuzi, mabadiliko ni madogo mno hata hayahesabiki. Kutoka kiini kwenda kwenye gome husinyaa kiasi. Kuzunguka shina, kufuata zile pete, miti mingi husinyaa karibu mara mbili ya hapo. Fikiria basi gogo zima lililoachwa juani: duara la nje linataka kufupika kuliko upana wake unavyoruhusu. Halina pa kwenda, linapasuka, na ufa huwa umenyooka kati ya gome na kiini. Kila mtu ameuona ufa huo kwenye gogo la kukalia. Haukuletwa na ubaya wa mti. Umeletwa na mahesabu ya maji.

Kuna na jambo la miisho. Maji hutoka kwenye ncha za mirija kwa kasi kubwa sana, mara 10 na zaidi ya yanavyotoka ubavuni. Mwisho wa gogo unakauka na kutaka kusinyaa wakati katikati bado pamelowa na kuukatalia. Katika joto letu la kaskazi, Desemba hadi Machi, nyufa za miisho zinaweza kuonekana jioni ya siku ile ile ya kukata. Ndiyo maana nasema siku ya kwanza ndiyo siku yenyewe.

Kazi ya siku hiyo ni ndogo na haitaki mashine. Gogo lipasuliwe katikati, msumeno upite juu ya kiini chenyewe, ili kiini kisibaki ndani ya nusu yoyote. Ukishakitoa kiini, umeliondoa lile duara lililokuwa halina pa kwenda; kila nusu sasa inaweza kusinyaa na kujipinda kidogo bila kupasuka. Kisha miisho ipakwe kitu cha kuzuia maji yasikimbie: nta ya mishumaa iliyoyeyushwa, au gundi nyeupe ya mbao, au rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo tangu mlipopaka madirisha. Upake kwa unene, mikono miwili, hadi sentimita chache kwenye ubavu. Halafu magogo yawekwe kivulini, juu ya mawe au matofali ili mchwa wasiyafikie, upande uliopasuliwa ukiangalia chini, na gunia lililoloweshwa juu yake kama fundi atachelewa. Kwa nyumba nyingi hii ni kazi ya kabla ya adhuhuri.

Tahadhari moja kuhusu mwembe. Utomvu wake ni ndugu wa utomvu wa mkorosho, maana miti hii miwili ni ya ukoo mmoja, na watu wengine ngozi zao zinauchukia: unawasha, unatoa upele, na kwa wachache unavimbisha uso. Vaa glovu na mikono mirefu wakati wa kukata, na watoto wasichezee maranda mabichi. Mkorosho wenyewe ni mkali zaidi. Huo mimi siukerezi mbichi.

Siku chache baadaye nusu gogo hupanda kwenye mashine. Yangu ilichomelewa hapa hapa Tanga kwa vyuma vya chaneli, na mota yake ilikuwa ya pampu ya maji. Kwanza naukata mti kwa chenso uwe karibu na duara, naufunga kwa skrubu kwenye sahani ya chuma, nausogezea ncha ya nyuma iubane, kisha nauzungusha kwa mkono kuona kama unagonga popote. Mwendo huanza taratibu. Kipimo wanachotumia wakereza wengi ni kwamba mti wenye kipenyo cha sentimita 30 uzunguke kati ya mara 500 na 750 kwa dakika, na ule ambao bado haujawa duara kamili uwe chini ya hapo. Kipande cha kilo 20 kikichomoka kwenye mashine hakichagui pa kwenda. Navaa kinga ya uso mzima, si miwani tu. Kanzu, kikoi, mtandio, pete na saa vinabaki nje ya mlango, na vijana wanaokuja kujifunza kwangu wanalijua sharti hilo kabla ya kujua jina la patasi yoyote.

Mti mbichi ni raha kuukereza. Bobari, ile patasi yenye mfereji, ikiwa kali, maranda yanatoka marefu, laini, yenye maji, na maji yanaruka hadi ukutani. Mti mkavu hutoa vumbi. Mbichi hutoa harufu, na harufu ya mwembe ni ya embe bichi. Lakini bakuli linalotoka siku hiyo si bakuli la kumalizia. Nalikereza nene makusudi, ukuta wake uwe kama sehemu moja ya 10 ya upana: bakuli la sentimita 30 naliacha na ukuta wa sentimita 3. Unene huo ni akiba. Bakuli likikauka litakuwa yai: upana wa kufuata nyuzi utabaki sentimita 30, ule wa kukata nyuzi utashuka karibu na 29. Nikirudi kulikereza mara ya pili, nalirudisha kwenye duara ndani ya unene ule ule. Fundi anayekereza bakuli jembamba mara moja tu kutoka mti mbichi naye anaweza kupata kitu kizuri, ila awe tayari kulipokea umbo ambalo mti umejichagulia.

Kati ya mara ya kwanza na ya pili kuna kusubiri, na hapa ndipo wateja wengi wananichoka. Bakuli nene nalitia ndani ya mfuko wa karatasi wa saruji pamoja na maranda yake mwenyewe, naukunja mdomo, nauweka chumba kisicho na upepo. Karatasi hupumua polepole. Nailoni haipumui, hukuzia ukungu. Uzito wa siku ya kwanza naandika kwa penseli kwenye kitako cha bakuli. Baadaye napima tena na tena kwa mizani ya jikoni, nikiandika chini ya uzito uliotangulia. Mwanzoni unashuka haraka. Kisha unashuka kidogo kidogo. Uzito ukigoma kushuka kwa vipimo kadhaa mfululizo, bakuli limefika. Kwa bakuli la ukubwa huo hapa pwani tunazungumzia miezi, si majuma.

Kufika huko hakuna maana ya kukauka kabisa. Mti hupatana na hewa ya mahali ulipo. Tanga, kwa hewa yetu nzito ya bahari, hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 au 15 hivi. Bakuli hilo hilo likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi litaendelea kushuka hadi karibu asilimia 10, na likienda kwenye nyumba ya Ulaya yenye kupashwa moto wakati wa baridi litashuka zaidi ya hapo. Kwa hiyo mteja anayenunua zawadi ya kupeleka mbali namuuliza inakwenda wapi, na bakuli lake nalikausha zaidi kabla ya kulimalizia. Wauzaji wa vinyago wanaopata malalamiko ya kupasuka kutoka ng'ambo, mara nyingi hawakuuza mti mbovu. Waliuza mti ambao haujapatana na hewa ya huko.

Kusubiri kuna zawadi yake kwenye mwembe. Mti wenyewe ukiwa mpya ni wa rangi ya mchanga, mpole, hauna mengi ya kumvutia mtu. Lakini gogo lililofichwa gizani likiwa na unyevu na joto, huingiwa na kuvu. Kuvu wa aina moja hupaka samawati na kijivu. Wengine hula mti wakiacha sehemu nyeupe, na makundi mawili yakikutana, kila moja hujenga ukuta mweusi mwembamba kujikinga na jirani. Kuta hizo ukizikata kwa patasi zinaonekana kama mistari ya wino, imepinda na kuzunguka bila mchoraji. Hakuna rangi ya dukani inayofanana nayo. Shida ni kujua lini uwasimamishe, kwa sababu hao hao wakiachwa watakula hadi mti uwe laini wa kubonyea kwa kidole. Mimi nabonyeza kwa ukucha: ukucha ukizama, nimechelewa; ukigoma na mistari ikaonekana, gogo linapanda mashine siku hiyo. Kuvu hawawezi kuendelea mti ukishakauka chini ya asilimia 20, na vumbi lao si la kuvuta, kwa hiyo barakoa ni lazima wakati wa kupiga msasa.

Bungua nao wana ratiba yao. Hutafuta wanga uliomo kwenye mti mweupe wa nje, na mwembe una mwingi. Ukiona unga laini chini ya bakuli lililohifadhiwa, litoe chumbani mara moja kabla hawajahamia kwa majirani.

Watu huniuliza mti gani wa uani ni bora kuliko yote. Jibu langu halijabadilika kwa miaka mingi: mfenesi. Ukiupasua ni wa manjano ya kung'aa kiasi cha kushtua mtu anayeuona kwa mara ya kwanza, na ukikaa kwenye mwanga unatulia kuwa rangi ya asali iliyokolea, kisha kahawia. Kule Asia ya kusini maranda ya kiini chake yametumika kutia rangi nguo za watawa wa Kibudha tangu zamani. Ni wa ukoo mmoja na mvule, na kama mvule hauwapendezi mchwa. Unakerezeka vizuri, hauchezi sana ukikauka, na utomvu wake unaonata unasafishwa kwa mafuta ya taa. Naumia kila ninapoona mfenesi ukipakiwa kwa mchoma mkaa.

Mwarobaini ni jamaa ya mkangazi, nao rangi yake nyekundu inaonyesha undugu huo. Vumbi lake ni chungu hadi kooni. Mgrevilea, ulioletwa kutoka Australia na sasa umejaa Lushoto na Kilimanjaro, una madoa ya kuvutia ukipasuliwa kwa pembe sahihi, ila unawasha ngozi za watu wengi. Mnazi si mti wa kawaida: hauna pete, ugumu wote uko nje na katikati ni sponji, na una chembe za silika zinazomaliza makali ya patasi kwa dakika. Sehemu ya chini ya nje ya mnazi mzee inatoa vijaluba vizuri sana. Mparachichi ni mwepesi na mlaini, wa kujifunzia.

Na Watanzania tunapozungumzia mti wenye thamani, tunataja mpingo. Mpingo unastahili heshima yake. Klarineti nyingi za mbao duniani zinakerezwa kwa mti huo. Lakini unachukua miaka mingi mno kufika unene wa kukatwa, unatakiwa na viwanda vya mbali, na vijana wa mitaani hawawezi kuununua kwa kujifunzia. Mwembe uliokatwa kwa jirani upo, na bei yake ni mazungumzo na adabu. Kazi ya keezo, yaani chombo cha kukerezea, si ngeni kwetu. Lamu na Unguja miguu ya vitanda, vijiti vya roshani na viti vilikerezwa kwa keezo la upinde kabla umeme haujafika: fundi amekaa chini, mkono mmoja unavuta upinde wenye kamba iliyozungushiwa mti, mkono wa pili na vidole vya mguu vimeshika patasi. Ujuzi ule uliishi miji ya pwani kwa sababu palikuwa na mti wa karibu na mtu wa kununua. Mti wa karibu bado tunao. Unachomwa.

Bakuli likishakauka na kukerezwa mara ya pili, linapigwa msasa na kupakwa mafuta. Mafuta ya nazi yanafaa kwa chombo cha chakula na hayana madhara, ila hayakauki yakawa magumu ndani ya mti. Yanaondoka kwa kuoshwa na yanataka kurudiwa. Mafuta ya kitani hukauka na kuwa ngozi ngumu, na nta ya nyuki juu yake inatoa mng'ao mtulivu. Lakini kitambaa kilichofutia mafuta ya kitani kisikunjwe kikatupwa pembeni, kwa sababu mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichofungamana kinaweza kushika moto chenyewe. Kianike kikiwa kimetandazwa, au kiloweke kwenye ndoo ya maji.

Bibi alipata chano chake, kipana, panda ikiwa katikati na michirizi imetanuka hadi ukingoni. Mabakuli ya wanawe yalikuwa na mistari ya wino. Vipande vidogo vilitoa vifimbo vya kusukumia chapati na mipini ya mapanga, na wachoma mkaa walipata matawi, kama kawaida. Mjukuu aliyesema mwembe si mbao ameweka bakuli mojawapo sebuleni, karibu na televisheni. Sikumwambia neno.

Kwa hiyo, msomaji, kama kuna mti uani kwako ambao lazima ukatwe, mtafute mkereza, mchonga vinyago au fundi wa ngoma kabla ya kumtafuta mwenye chenso. Mwambie mti ni wa aina gani na una unene gani, na umwambie misumari iko wapi. Ukimkosa, sema tu vipande viwe virefu, panda isikatwe, shina lipasuliwe kwenye kiini, na miisho ipakwe rangi siku hiyo hiyo. Magogo yaweke kivulini, juu ya mawe, kisha uendelee kumtafuta fundi bila kuchelewa.